Usiku Ambao Hakuna Aliyelalamika

Moshi ulikuwa umekwisha tangu jana, lakini harufu yake ilibaki kwenye ngazi, na Inspekta Haitham Barudi alizipanda leso ikiwa puani. Lifti ya jengo lile ilikufa zamani. Wapangaji walikuwa wameigeuza stoo ya viatu vibovu na viti vya miguu mitatu. Nyuma yake Sajini Jirjis alihema kama mtu aliyebebeshwa gunia la saruji, na kila walipofika kwenye kona ya ngazi alirudia jambo lilelile kwa maneno mapya.

"Afande, kesi imekwisha. Kijana tunaye. Sauti yake tunayo. Gari la kumpeleka kwa mwendesha mashtaka linakuja adhuhuri. Sasa huku juu tunatafuta nini?"

"Mimi natafuta kupunguza tumbo," alisema Haitham. "Wewe panda kwa sababu nimekwambia."

Walitokea kwenye paa. Mji wa Tripoli, ule wa Lebanon, ulikuwa umelowa mvua ya Januari, na kutoka jengo hili nyaya nyeusi ziliruka kwenda majengo mengine kila upande. Kwenye pembe ya paa kilisimama kijumba cha matofali chenye mlango wa bati, sasa cheusi ndani na nje. Hicho ndicho kilichokuwa chumba cha neti cha mtaa wa Zahriyya.

Mtaa ule hupata neti kama mitaa mingine ya mji inavyoipata. Bwana mmoja mwenye ubavu huchukua laini kubwa, kisha huigawa nyumba hadi nyumba kwa nyaya za juu ya mapaa. Bwana wa hapa aliitwa Abu Rashwan. Umeme wa serikali huja unapojisikia, kwa hiyo chumba kiliendeshwa na jenereta ya mtaa, na jenereta huzimwa saa sita usiku. Nyumbani kila mtu ana kibetri kidogo cha kuiweka ruta yake hai, lakini kibetri hicho hakisaidii lolote chumba chenyewe kikiwa hakina umeme. Jenereta ikizimwa, neti ya Zahriyya hufa mpaka asubuhi. Mtaa wote ulijua hivyo, na kila usiku mtaa wote uliudhika upya.

Abu Rashwan hakuwahi kutukanwa usoni. Matusi ya mtaani hayapandi juu. Huishia kwa mtu anayeshika bisibisi, na aliyeshika bisibisi alikuwa fundi wake, Nadhim Sukkari, mtu mpole wa makamo ambaye hata waliomtukana walimwita Ami Nadhim. Usiku wa kuamkia jana, baada ya jenereta kuzimwa, chumba kiliungua, na Ami Nadhim alikutwa ndani, juu ya godoro lake la mchana, ameuawa na moshi.

Jirjis alitoa simu yake. "Sikiliza tena, afande, huenda umesahau." Akabonyeza. Sauti ya kijana ilitoka ikitetemeka kwa hasira: "Abu Rashwan, wewe na Nadhim wako. Baba yangu anakufa hospitali huko Sydney. Nilikuwa naongea naye, mkakata. Amefungua mdomo aniambie kitu, mkakata! Wallahi nitapanda huko juu nikichome hicho chumba chenu na nyinyi mkiwa ndani."

"Bahij Kabbara," alisema Jirjis. "Aliituma kwenye kundi la mtaa mchana wa juzi. Usiku uleule chumba kinaungua, na mtu ndani. Na kwenye ngazi ya nyumba yao tumekuta dumu la dizeli."

"Mama mkwe wako si anakaa mtaa huu?"

"Anakaa."

"Kwenye ngazi yake hakuna dumu la dizeli?"

Jirjis alikuna shingo. "La jiko la kupasha joto, afande. Ni majira ya baridi."

"Na kwenye kundi hilo la mtaa, yeye hajawahi kuapa kuwachoma?"

"Yeye aliapa kuwachinja," alikiri Jirjis.

Haitham alikizunguka kijumba polepole. Kufuli la mlango lilikuwa limening'inia wazi kwenye komeo, kwa nje, kama linavyoachwa na mtu aliye ndani. Dirisha pekee lilikuwa limezibwa kwa kipande cha bati dhidi ya mvua, wala mtu wa nje asingeona kama ndani mna taa au giza. Alipofika ukuta wa nyuma, unaopakana na paa la jirani, alichuchumaa. Hapo palikuwa na tundu la kupitishia nyaya, na chini ya tundu, juu ya matofali, ulikuwa umetiririka mchirizi wa mafuta. Alipitisha kidole, akanusa.

"Dizeli imemiminwa hapa, kutoka nje. Aliyeimwaga hakuingia ndani."

Karibu na tundu kulikuwa na waya mmoja ambao haukuungua. Ulikuwa umekatwa kwa koleo, ncha yake ikingali inang'aa shaba, na haukwenda upande wa Zahriyya. Ulivuka barabara, kuelekea mtaa wa pili ambako Abu Rashwan hakuwa na mteja hata mmoja.

Mwisho kabisa Haitham aliingia ndani. Kati ya majivu na plastiki iliyoyeyuka alikuta donge kubwa lenye ncha mbili za madini ya risasi. Alilisukuma kwa kiatu.

"Hii ni nini?"

"Betri. Wazima moto wameiandika. Labda ya gari la Abu Rashwan."

"Abu Rashwan aliwahi kuweka betri humu?"

"Abu Rashwan, afande? Yule hata balbu huazima."

Haitham alilitazama donge lile tena, kisha akasema wateremke.

Waya uliokatwa uliwapeleka, paa hadi paa, mpaka kwenye duka la kinyozi ng'ambo ya barabara. Kinyozi alikuwa na wembe shavuni mwa mteja na hakutaka maneno mengi. Ndiyo, waya ni wake na wa majirani zake kadhaa. Hapana, hamjui Abu Rashwan. Aliyewaunganishia ni shemeji yake Abu Rashwan, yule Fawaz Dib anayepita kwa wateja kukusanya pesa, na Fawaz aliwaambia wasilitaje jambo hilo mbele ya mwenye laini.

"Na tangu juzi usiku hatuna neti," alimalizia kinyozi. "Ukimwona, mwambie."

"Nitamwona," alisema Haitham.

*

Bahij Kabbara alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, katika mahabusu ya kituo. Alikuwa kijana mwembamba mwenye ndevu za siku mbili, na alipomwona Haitham alisimama upesi, kama mtu aliye hospitalini anayeona daktari anatoka.

"Afande, dada yangu amepiga?"

"Simu yako imezimwa. Ni kielelezo."

"Madaktari wamesema ni leo au kesho. Baba ananiuliza. Nipe nimwone kidogo tu, kisha nipelekeni mnakotaka."

Jirjis alikohoa. "Mtuhumiwa hapewi simu kabla ya kufika kwa mwendesha mashtaka. Ni sheria."

Haitham alijua kwamba ni sheria, na siku ile aliichukia. Alivuta kiti akaketi karibu na nondo.

"Nijibu kwanza. Jenereta ilipozimwa, ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nilimwambia sajini. Nilikuwa naongea na baba, kwa neti ya nyumbani. Kule kwao ni asubuhi. Tuliongea mpaka niliposikia watu wanapiga kelele za moto."

"Unaona, afande?" Jirjis alifungua mikono. "Neti hufa na jenereta. Mtoto wa chekechea anajua. Huyu anasema ameongea na Sydney kwa neti iliyokufa."

"Usiku ule haikufa," alisema Bahij.

"Kila usiku inakufa, usiku wako tu ndio haikufa?"

"Sijui kwa nini. Nilikuwa natazama ruta, nangoja ikatike. Jenereta ikanyamaza, taa za nyumba zikazimika, na baba bado yupo kwenye kioo ananitazama. Nilidhani Mungu amenihurumia. Nikamwandikia Ami Nadhim kumshukuru."

Haitham aligeuka kumtazama Jirjis. Sajini alitoa simu ya kijana kwenye bahasha, akaiwasha bila hamu. Ujumbe ulikuwapo, wa usiku wa moto: *Mungu akupe afya, ami. Haijakatika. Nisamehe maneno ya mchana.* Chini yake kulikuwa na tiki mbili za bluu.

"Aliandika ili ajisafishe," alisema Jirjis, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. "Na hata kama alipiga simu, afande, simu hubebwa mkononi. Angeweza kupiga kwa bando, yuko juu ya paa."

"Bando lipi?" aliuliza Bahij. "Laini yangu imefungwa wiki nzima. Sajini mwenyewe alijaribu kupiga nayo, ikamkatalia."

Jirjis alitazama viatu vyake. "Ilinikatalia, afande."

"Kwa hiyo simu hii huongea na Sydney mahali pamoja tu," alisema Haitham. "Chini ya ruta ya nyumbani kwao. Kama neti ilikuwa hai, kijana alikuwa nyumbani. Kama ilikufa, anasema uongo. Mambo yote yamekaa juu ya jambo hilo moja, nasi hatujamuuliza mtu anayejua."

"Anayejua amekufa."

"Alikuwa na mke," alisema Haitham, akachukua koti.

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa chumba na sebule, nyuma ya soko la samaki. Wanawake walikuwa wameketi ukutani na nguo zao nyeusi, na jirani mmoja akizungusha kahawa chungu ya msiba. Haitham alikunywa kikombe chake bila kuketi, akasema maneno ya rambirambi, "Mungu amrehemu, dada. Fidia iwe usalama wako," na mjane, Hiyam, akajibu inavyojibiwa. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu.

Sebule ilikuwa na giza, ingawa nje ilikuwa asubuhi. Palikuwa na mshumaa juu ya kabati. Karibu na mlango wa jiko Haitham aliona nyaya mbili zimetoka ukutani, moja nyekundu na moja nyeusi, ncha zake zimefungwa gundi ya umeme, hazikushika kitu.

"Dada, hizi zilikuwa za nini?"

"Za betri yetu. Ya taa na feni."

"Iko wapi?"

Hiyam aliwatazama wanawake, kisha akamwashiria Haitham waingie jikoni. Huko alizungumza kwa sauti ya chini, kama anayemfichia mumewe siri.

"Aliibeba juzi alasiri. Alikuja kula, hakula. Alikuwa anasikiliza ile sauti ya mtoto wa Kabbara, ile ya kuapa. Akaisikiliza, akairudia. Nikamwambia, Nadhim, weka simu, mtoto hana adabu. Akaniambia, 'Hana adabu, lakini ana baba.' Kisha akaanza kufungua betri."

"Alimwambia Abu Rashwan?"

"Amwambie ili aulizwe nani amemtuma? Hakumwambia yeyote. Alisema, 'Hiyam, tutakaa na mshumaa siku chache. Nataka nione kama itabeba chumba mpaka asubuhi.' Nikamkasirikia. Mchana ndio nilimkasirikia. Usiku nilimngoja, maana jenereta ikizimwa yeye hurudi nyumbani, hana tena la kufanya kule. Miaka yote hurudi. Usiku ule akanitumia ujumbe kwamba betri imeshika, anakaa kuitazama, nilale."

Haitham aliinamisha kichwa.

"Dada, upo kwenye kundi la mtaa?"

"Nipo. Nilikuwa nasoma wanavyomtukana, nisimwambie yote."

Alimpa simu. Haitham alisimama kando ya jiko akapandisha ujumbe kwa kidole, usiku baada ya usiku. Kila usiku ulikuwa uleule. Jenereta ikizimwa, kundi lilifurika kwa bando la kila mtu: *Imekatika? Imekatika. Kwenu pia? Nadhim Mungu akukate wewe. Abu Rashwan mwizi. Nina mtihani kesho jamani.* Watu walimiminika pale kama maji ya bomba lililopasuka.

Alifika usiku wa moto. Jenereta ilizimwa, na kundi likawa kimya. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyeuliza. Hakuna aliyeshukuru pia, kwa sababu mtu wa Zahriyya mwenye neti nzuri hana haja ya kufungua kundi lile. Palikuwa na ujumbe mmoja tu, peke yake, kabla ya kelele za moto.

Haitham aliusoma, akasoma jina la aliyeuandika, akamrudishia mjane simu yake kisha akaiomba tena kwa adabu, kwa hati ya kuichukua kama kielelezo.

*

Fawaz Dib alikuja kituoni mwenyewe, bila pingu, amevaa koti la ngozi, na pakiti ya biskuti za maamul mkononi kwa ajili ya maaskari. Yeye ndiye aliyewaletea ile sauti ya Bahij asubuhi ya jana, na tangu hapo alijihesabu kuwa mtu wa nyumbani pale.

"Afande Haitham, umechoka. Uso umekuingia ndani. Kula kimoja."

"Baadaye. Nisaidie nifunge faili. Shahidi mmoja baada ya mwingine, ulikuwa wapi, ulifanya nini. Ni makaratasi tu."

"Amri yako."

"Jenereta ilipozimwa?"

"Nyumbani, natazama tamthilia kwenye simu. Ikazimwa, neti ikafa, nikaandika kwenye kundi kuuliza kama wenzangu pia imekatika, nikalala. Nikaamshwa na kelele."

"Au kibetri cha ruta yako ndicho kilichokufa?"

Fawaz alicheka. "Mimi, mtu wa neti, nikose kibetri? Ninacho kikubwa kuliko cha yeyote mtaani. Taa za ruta zinawaka, ila neti hakuna. Imekufa na jenereta, kama kila usiku."

"Taa umeziona mwenyewe?"

"Kwa macho yangu haya."

"Jirjis, andika. Neno kwa neno."

Jirjis aliandika. Haitham alitoa simu ya mjane, akaiweka mezani mbele ya Fawaz.

"Nisomee. Huu ni usiku wa kabla ya moto. Nani wanalalamika?"

Fawaz alitazama. "Wote. Ni kawaida yao."

"Na usiku wa kabla yake?"

"Wote, afande. Hata mama mkwe wa sajini."

"Haya. Usiku wenyewe wa moto. Nani?"

Fawaz alipitisha kidole kwenye kioo, akapandisha, akashusha, akapandisha tena. Ujumbe ulikuwa pale peke yake: *Imekatika tena? Kwenu pia?* Juu yake palikuwa na jina lake.

"Labda walikuwa wamelala," alisema.

"Zahriyya yote? Usiku huo tu?"

"Mvua ilikuwa kubwa."

"Usiku wa kabla yake mvua ilikuwa kubwa zaidi, nao walikutukania hadi babu yako." Haitham alisogeza kiti. "Nadhim aliifungua betri ya nyumbani kwake alasiri ile, akaifunga chumbani. Hakumwambia shemeji yako, hakukwambia wewe. Jenereta ilipozimwa, neti haikukatika. Mtaa mzima ulikuwa na neti, Fawaz, mpaka chumba kilipoungua. Mtu mmoja tu hakuwa nayo, na huyo ndiye mwenye kibetri kikubwa kuliko wote."

Mkono wa Fawaz ulitafuta pakiti ya maamul, ukaisogeza kidogo, ukaiacha.

"Hukuwa nyumbani. Kama ungekuwa nyumbani, ungekuwa unatazama tamthilia yako. Ulikuwa kwenye paa la jirani, nyuma ya kile chumba, ambako dirisha limezibwa na taa za ndani hazionekani. Ukaisikia jenereta inanyamaza, ukaandika kwa bando maneno ambayo mtaa mzima huyaandika saa ile, ili nawe uwe mmoja wao. Kisha ukakata waya wa kinyozi."

"Kinyozi gani?"

"Anakusalimu. Anasema hana neti tangu juzi usiku." Haitham hakupandisha sauti. "Abu Rashwan ameniambia kwa simu kwamba jana asubuhi alikuwa apande kukagua kabati la mitambo mle chumbani. Angeukuta waya wako wa kuuza neti yake kwa siri. Lakini kabati likiungua lote, na mtaa mzima umesikia kijana akiapa kulichoma, nani atahesabu nyaya? Ukamwaga dizeli kwenye tundu. Na asubuhi ukatuletea sauti ya kijana, na leo maamul."

Nje, muuza kahawa aligonganisha vikombe vyake akipita. Fawaz alikuwa ametazama meza, na mabega yake ndani ya koti la ngozi yalikuwa yameteremka.

"Hakupaswa kuwemo," alisema hatimaye.

Jirjis aliacha kuandika.

"Jenereta ikizimwa huenda kwake," Fawaz aliendelea, kama anayemlalamikia marehemu. "Kila siku huenda kwake. Miaka yote. Mimi sikuwa na ugomvi na Nadhim, tumekula sahani moja. Nilitaka kuchoma kabati tu. Kulikuwa na giza, hakuna neti, hakuna kazi. Alikaa mle gizani afanye nini?"

"Hakukuwa na giza," alisema Haitham. "Alikuwa anatazama taa zake."

Alimwambia Jirjis amalize kuandika na asaini kando ya maneno hayo. Kisha akamchukua Fawaz kwa mkono mpaka mahabusu, akafungua mlango, akamtoa mmoja na kumwingiza mwingine. Wale wawili walipishana bila kutazamana.

*

Mwendesha mashtaka alielezwa kwa simu, akauliza maswali yake, akakubali kwa sauti ya mtu ambaye chakula chake kimecheleweshwa. Gari la adhuhuri lingembeba Fawaz. Bahij aliletwa ofisini kusaini kwamba amepokea vitu vyake, na alipowasha simu yake aliiona haina neti, akabaki ameishika.

"Nikimbilie wapi sasa?" alisema. "Nyumbani pia hakuna. Chumba kimeungua."

Haitham alitoa simu yake mfukoni, akaifungua, akampa. "Nina bando. Piga."

Ilikuwa usiku kule Sydney. Iliita, ikaita, na Jirjis, ambaye alikuwa anajifanya anapanga faili, aliacha kupanga. Uso wa mwanamke ulitokea kwenye kioo, umevimba kwa kilio. Bahij alishika ukingo wa meza.

"Yupo," alisema mwanamke. "Yupo, Bahij. Ngoja."

Picha ilizunguka dari na pazia, kisha ikatulia juu ya mto mweupe na mzee mwenye bomba la hewa puani. Mzee alitazama kwa muda kabla ya macho yake kumpata mwanawe.

"Unizike, baba," alisema kwa sauti nyembamba. Ni neno ambalo wazazi wa Tripoli huwaambia watoto wao mchana kutwa, kwa mapenzi tu, hata wakiwaitia chakula, na hakuna anayelifikiria. Bahij aliishika simu kwa mikono miwili.

"Jana sikukuona," alisema mzee.

"Nilikuwa na kazi, baba. Nisamehe."

"Nilidhani ni neti yenu. Ile ya kukatikakatika." Alipumzika, akavuta hewa. "Leo haikatiki?"

Haitham aligeukia dirisha. Jirjis alikuwa amevua kofia, ameishika kifuani.

"Haikatiki, baba," alisema Bahij. "Ami Nadhim ameitengeneza."

"Nadhim Sukkari? Ah. Mtu mwema yule, watu wanamsumbua bure." Mzee alifumba macho, akayafumbua. "Mwambie Mungu ampe afya."

"Nitamwambia, baba."